Kipande kina chipu, maswali ni yale yale ya babu

Mtoto wa Pumwani akitimiza miaka 18 huenda kuchukua kipande, kama anavyokwenda mtoto wa Kisauni, wa Malindi au wa Lamu. Anabeba cheti cha kuzaliwa, ambacho mara nyingi kinaonyesha kazaliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, mwendo wa miguu kutoka kwao. Anabeba nakala za vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu. Kisha pale mezani, kabla hajaweka kidole kwenye mashine, anaulizwa jina la babu mzaa baba, kabila, na kwao hasa ni wapi. Akijibu Majengo, anaambiwa Majengo si kwao, ni mahali anapoishi tu.

Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa sana, maana wengi wameyaonja haya Mombasa na Kilifi, na wengi wana ami au shangazi huko Majengo ya Nairobi. Ninalotaka kueleza hapa ni jambo linalochanganya watu tangu serikali ilete kitambulisho cha chipu na Maisha Namba. Vijana wengi walidhani kompyuta ikiingia, maswali ya babu yataondoka. Hayakuondoka. Na ukielewa mashine inafanya nini na sheria inasema nini, utaona kwa nini hayakuondoka, na pia utaona mahali pa kushika unapokataliwa.

Kwanza huyu mtu wa Majengo ni nani. Pumwani ilianzishwa na serikali ya mkoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mtaa rasmi wa Waafrika ndani ya Nairobi. Kabla ya hapo Waafrika waliishi katika vijiji walivyojijengea wenyewe, na kimoja kati ya hivyo kikiitwa Mombasa, ndiyo, Mombasa katikati ya Nairobi, kingine Maskini, kingine Pangani. Vijiji vile vilibomolewa kimoja baada ya kingine, cha mwisho Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930. Pumwani watu walipewa viwanja wajenge nyumba zao wenyewe, zile nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, lakini ardhi ilibaki ya baraza la mji. Katika wenye nyumba wa mwanzo walikuwamo wanawake wengi, waliokuja mjini peke yao kutoka kila upande, wakasilimu, wakachuma, wakajenga. Nyumba zikarithiwa na watoto, na mara nyingine na watoto wa kulea.

Sasa mwambie mjukuu wa mwanamke kama yule alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake, na jina la kijiji cha asili. Bibi yake aliacha kijiji kwa makusudi. Ukoo wake ulianzia Majengo, na kaburi lake liko makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Mazungumzo pale ofisini huwa ya namna hii: "Mama, babu yako alitoka wapi?" "Mwanangu, babu yangu alikuwa na nyumba hapa kabla baba yako hajazaliwa." Jibu hilo ni kweli tupu, lakini fomu haina mahali pa kuliandika.

Fomu yenyewe ina asili yake. Kipande cha kwanza kilitokana na sheria ya mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole, kabila, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Harry Thuku alipokamatwa Nairobi Machi 1922 na watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyokuwa akiyapinga. Wazungu hawakukibeba. Huku pwani wazee wa Thenashara Taifa walipigania miaka mingi wasiwekwe katika fungu la wenyeji, kwa sababu kila fungu lilikuwa na kodi yake na sheria zake. Baada ya Vita vya Pili ikaja sheria ya usajili wa watu ya mwaka 1947, ambayo ndiyo hiyo hiyo, kwa viraka vingi, tunayoitumia leo kama Sura ya 107. Wanawake waliingizwa humo mwishoni mwa miaka ya 1970. Sehemu ya kuandika kabila haikutoka.

Tuje kwenye mashine. Kijana anapoweka vidole juu ya kioo, tarakilishi hutafuta mambo mawili tu: je, vidole hivi vimo tayari katika sajili, na kama vimo, ni vya nani? Basi. Ni mashine ya kumtambua mtu kuwa ni yule yule. Haiwezi kujua kama mtu ni Mkenya, kwa sababu uraia haupo kidoleni. Uraia ni suala la kisheria, na linaamuliwa na mtu mwenye kalamu, kabla ya mashine kuwashwa. Afisa akiandika ndiyo, mashine itaihifadhi ndiyo hiyo kwa uaminifu mkubwa. Akiandika hapana, au akiweka karatasi zako kwenye droo akakwambia rudi wiki ijayo, mashine haina habari kwamba umewahi kuzaliwa.

Na mara nyingine mashine yenyewe ndiyo hufunga mlango. Jirani kabisa na Pumwani iko Eastleigh, na huko jambo hili linajulikana vizuri. Miaka ya njaa, baadhi ya Wakenya wa kaskazini mashariki walijiandikisha katika kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991, ili wapate chakula na matibabu. Watoto waliandikwa pamoja na wazazi. Watoto hao walipofika miaka 18 na kuweka vidole, tarakilishi ikasema huyu ni mkimbizi. Kwa upande wake haikukosea, vidole ni vile vile. Kosa ni kuchukua jibu la swali moja ukalifanya jibu la swali jingine. Maelfu ya Wakenya wamekaa miaka bila kitambulisho kwa ajili ya hilo.

Huduma Namba ilipokuja mwaka 2019, kwa hiyo, watu wa jamii zinazopigwa msasa walishtuka kuliko wengine. Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya sheria mwaka 2018, yakaanza kazi Januari 2019, na ndani yake serikali ikajipa ruhusa ya kuchukua mboni za macho, umbo la sikio, sauti, hata DNA, na mahali nyumba yako ilipo kwa setilaiti. Jukwaa la haki za Wanubi, Nubian Rights Forum, lilikwenda Mahakama Kuu, pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na shirika la Kenya Human Rights Commission. Wanubi wa Kibra hawakuwa wageni wa kesi. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto ilikuwa tayari imeamua kwamba Kenya iliwavunjia watoto wa Kinubi haki zao kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia.

Tarehe 1 Aprili 2019 mahakama ikatoa amri ya muda: usajili uendelee, lakini mtu asilazimishwe, asinyimwe huduma kwa kutojiandikisha, na DNA isichukuliwe. Kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akazindua zoezi Machakos. Tunakumbuka yaliyofuata. Machifu walitangaza kwa vipaza sauti kama kwamba amri ya mahakama haipo, watu wakapanga foleni kwa hofu, na karibu watu milioni 37 wakaandikwa kabla ya zoezi kufungwa mwezi Mei.

Hukumu ilitoka tarehe 30 Januari 2020, kwa majaji watatu: Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir. Wengi waliisikia kama ushindi, wengine kama kushindwa, na pande zote mbili zina haki. Majaji walifuta DNA na kufuatilia makazi kwa setilaiti. Walisema serikali inaweza kuendelea, ila kwanza iweke kanuni kamili. Na kuhusu watu wa namna ya Majengo na Kibra walisema jambo ambalo halikupata nafasi kubwa magazetini: kwamba iko sehemu ya wananchi walio hatarini kuachwa nje kwa kukosa hati au kwa alama za vidole kutosomeka, na kwamba panatakiwa kanuni za wazi za kushughulikia watu hao. Hawakusema sheria imewabagua Wanubi. Walisema hatari ya kuachwa nje ipo, na serikali ipange namna ya kuiondoa.

Kanuni zilichapishwa baadaye mwaka huo. Kadi za Huduma zikaanza kutolewa Novemba 2020. Mwezi Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaziweka kando, kwa sababu serikali haikufanya tathmini ya athari kwa data za watu inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Serikali mpya ikaja na jina jipya, Maisha Namba, mwaka 2023. Mahakama ikaisimamisha Desemba 2023, ikaiachilia Februari 2024, ikaisimamisha tena Julai, ikaiachilia tena Agosti. Ukipoteza hesabu hapo hujakosa kitu kikubwa. Kwa raia wa kawaida matokeo ni kwamba anayeomba kitambulisho sasa hupewa kadi ya Maisha yenye chipu, na mtoto anayezaliwa hupewa namba inayotarajiwa kumfuata mpaka kaburini.

Namba ya tangu kuzaliwa naiona ni kitu kizuri, na nasema hivyo nikijua kuwa wako wasioiamini serikali na namba yoyote. Mtoto wa Pumwani akisajiliwa siku anazaliwa, na namba za wazazi zikafungwa na yake, basi baada ya miaka 18 lile swali la babu litakosa kazi. Lakini angalia mlango wa kuingilia. Ili mtoto apate cheti, mzazi atakiwa awe na kitambulisho. Mama aliyenyimwa kipande mwaka 2005 kwa kukosa karatasi za babu anamzaa mtoto wa mwaka 2025 akiwa na shida ile ile, ila sasa shida imeingia katika mtandao, na kila ofisi inayofungua skrini itaiona. Zamani karani wa hospitali hakujua ulikataliwa na karani wa usajili. Ulikuwa na upenyo. Kadiri sajili zinavyounganishwa, upenyo unazibwa, wa mwizi na wa mwenye haki kwa pamoja.

Na kipande si cha kuonyesha polisi tu, ingawa kijana wa Majengo anayekwenda Gikomba alfajiri bila kitambulisho anajua gharama ya kukutana na gari la doria. Bila kipande hapati laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana M-Pesa. Hana namba ya kodi ya KRA, hana mkopo wa HELB wa kusomea chuo, hajiandikishi mwenyewe katika bima ya afya ya SHA. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na IEBC humwandikisha mpiga kura kwa kitambulisho au pasipoti peke yake. Ile karatasi ya kungojea, ambayo wengine hukaa nayo mfukoni mpaka ikachakaa, haiandikishi kura. Ndiyo maana wanasiasa wa Kamukunji, na wa kwetu pia, hukumbuka vitambulisho mwaka mmoja kabla ya kura. Magari ya usajili huletwa mitaani, watu wakapigwa picha, na baada ya uchaguzi suala likalala.

Mwezi Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa ziarani kaskazini mashariki, alitia saini tamko la kufuta msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho, akisema Wakenya wote washughulikiwe sawa. Waliokaa miaka mingi mbele ya kamati za wazee walishangilia, na ni haki yao. Wengine, hasa wanaotaja usalama, walilalamika kwamba mpaka umefunguliwa. Mimi naona pande zote zililipa tamko uzito usio wake. Tamko la rais halikubadilisha neno lolote katika Sura ya 107. Kifungu cha 8 cha sheria ile bado kinampa afisa wa usajili uwezo wa kudai ushahidi zaidi wa yale uliyoandika, na hakimwambii akome wapi. Kamati inaweza kuvunjwa leo na maswali yale yale yakaulizwa kesho na mtu mmoja aliyekaa peke yake. Mpaka Bunge liandike kwamba ushahidi unaotosha ni huu na huu, kwa kila mtu, jambo hili litakuwa linakwenda na hali ya siasa.

Je, sheria iliyopo inakupa nini leo? Inakupa zaidi ya unavyodhani.

Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia. Mmoja anatosha. Hakitaji kabila, wala kaunti ya asili, wala babu. Kwa hiyo kijana aliyebeba kitambulisho cha mama yake na cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la mama huyo, amebeba kile ambacho Katiba inakitaka. Kifungu cha 12 kinasema raia anastahili pasipoti na hati yoyote ya utambulisho itolewayo na dola. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa kabila na dini.

Lenye nguvu zaidi, na lisilotumiwa, ni Kifungu cha 47 pamoja na sheria yake ya mwaka 2015 kuhusu hatua za kiutawala. Mtumishi wa umma akikuamulia jambo la kukudhuru, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ukiziomba, sheria imemwekea muda wa kukujibu. Asipojibu, na suala likafika mahakamani, sheria inachukulia kwamba alikukatalia bila sababu nzuri, mpaka athibitishe vingine. Soma tena hapo. Kunyamaza kwa ofisi, ambako ndiko kunakotuua, sheria imekugeuza kuwa ushahidi dhidi ya ofisi.

Tatizo ni kwamba watu wetu hawakataliwi. Wanaambiwa warudi. "Rudi Jumatatu." "Mfumo uko chini." "Mkubwa hayupo." Hakuna uamuzi, basi hakuna cha kukatia rufaa, na mwenye kuchoka hutoa kitu kidogo au huacha. Dawa yake ni kuandika wewe. Barua ya ukurasa mmoja kwa afisa wa usajili: nilikuja tarehe hii, nikaleta hati hizi, nikaambiwa hivi, naomba uamuzi na sababu zake kwa maandishi.

Ikiwa kikwazo ni mashine, yaani vidole vinasema wewe ni mtu mwingine au ni mkimbizi, Sheria ya Ulinzi wa Data inakupa haki ya kujua ni taarifa gani zako zimehifadhiwa na kudai za uongo zirekebishwe. Kifungu chake cha 35 kinakupa haki ya kutoamuliwa jambo kubwa na mashine peke yake, lazima binadamu aliangalie. Lalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, naye atakiwa alimalize ndani ya siku 90. Kuna pia Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma. Na iko sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari, inayoitaka ofisi kujibu ndani ya siku 21, ila hiyo ina kichekesho chake: haki ya kupata habari ni ya raia, na anayeiomba hapa ndiye aliyenyimwa karatasi ya kuonyesha kuwa ni raia.

Hakuna kati ya njia hizi inayohitaji wakili kuianza. Zinahitaji kalamu, tarehe zilizoandikwa sawasawa, na mtu wa kusindikizana naye. Barua iandikwe nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na ukiambiwa muhuri haupo leo, ipige picha kwa simu ikiwa juu ya meza yao, kisha uitume kwa posta ya rejista na uhifadhi risiti. Muda wa kujibiwa unaanza kuhesabiwa hapo.